Kabla ya Kuformati: Historia ya Vifurushi na Njia ya Kurudi Nyuma

Mhadhara kwa mafundi, walimu na wauguzi, Mbau, teritwari ya Beni, Kivu ya Kaskazini



Mashine imekuwa nzito? Tuformati. Printa imegoma tangu juzi? Tuformati. Imezimika katikati ya kazi na sasa inaonyesha maandishi meupe kwenye kioo cheusi? Hapo hata haiulizwi. Fundi anachomeka fleshi, anafuta diski yote, anaweka mfumo upya, na baada ya saa mbili mwenye mashine anaondoka akitabasamu, ingawa picha za ubatizo na alama za wanafunzi zimekwenda na maji. Simcheki fundi huyo. Njia anayoijua haimwangushi, na mteja hayuko tayari kumlipa kwa siku mbili za upelelezi. Ila anapofuta ugonjwa anafuta na ushahidi wake, ndiyo maana mashine ileile inarudi mezani kwake kabla ya Noeli ikiwa na ugonjwa uleule.

Mashine nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeshaandika, ndani ya diski zenyewe, siku na saa na jina la kitu kilichoziharibu. Hatukusoma. Na hata tungesoma, mara nyingi tusingeweza kurudi tulikotoka, kwa sababu kukumbuka ni kazi moja na kurudi ni kazi nyingine. Jioni hii nitakaa hapo, katikati ya kazi hizo mbili.

Programu haziingii kwenye kompyuta kama kitu kimoja kikubwa. Huingia kwa vifurushi. Kila kifurushi kina jina, namba ya toleo, na orodha ya vifurushi vingine kinavyovitegemea. Kwenye mifumo ya jamii ya Debian, iliyoanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambayo Ubuntu imezaliwa ndani yake, karani wa vifurushi anaitwa dpkg. Kila anapoweka, anapopandisha toleo au anapoondoa, huandika mstari katika shajara yake: tarehe, saa, tendo, jina la kifurushi, toleo la zamani, toleo jipya. Juu yake kuna APT, ambaye ana shajara yake pia, na huyu huandika hata amri iliyotolewa na mtumiaji aliyeitoa. Mnunuzi wa kakao hapa Mbau anafanya vivyo hivyo: tarehe, jina la mkulima, kilo, bei. Daftari lake litakwambia gunia liliingia lini na liliondoka lini. Halitakurudishia gunia.

Tuanze na faida ya kusoma tu, maana ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Adui wa kwanza wa kompyuta zetu ni umeme unaokatika wakati kazi haijaisha. Sasisho likikatika katikati, kifurushi kinabaki nusu: kimefunguliwa lakini hakijapangwa mahali pake. Shajara ya dpkg huandika kila hatua ya safari hiyo, kwa hiyo mstari wa mwisho kabla ya giza unakuambia kifurushi gani kilikuwa mkononi. Kuna amri moja, dpkg --configure -a, inayomwambia karani amalizie alipoachia. Mara nyingi inatosha, na dakika chache baadaye mashine imesimama, na zile alama za wanafunzi zingalipo. Nawaambia vijana mnaotengeneza mashine kando ya barabara: jifunzeni mstari huo mmoja kabla ya kuchomeka fleshi.

Karani huyo ana tahadhari nyingine ambayo wachache wanaijua. Anaweka nakala za orodha yake yote, yaani kila kifurushi na toleo lake, kwenye folda ya /var/backups, na huacha 7 za karibuni. Mtu akivuruga mashine Jumatano, orodha ya Jumatatu bado ipo. Ukizilinganisha mbili hizo, tofauti ndiyo mahali pa kuanzia kutafuta.

Lakini shajara zina udhaifu wao, na huku kwetu udhaifu huo unauma zaidi. Kwa kawaida shajara hufungwa kila mwezi na mpya kuanzishwa, na zilizofungwa hubaki 12. Maana yake baada ya mwaka mmoja mwanzo wa hadithi umetupwa. Mashine ya ofisi iliyowekwa miaka mitatu iliyopita haijui tena ilianzaje. Kisha kuna saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo, kama ya saa ya mkononi, inayotunza tarehe mashine ikiwa imezimwa. Kompyuta kuukuu zinazotufikia nyingi betri hiyo imekufa. Umeme ukikatika, mashine inaamka ikidhani ni mwaka ilipotengenezwa, na shajara inaandikwa tarehe za uongo: sasisho la leo linaonekana kuwa la kale kuliko la mwaka jana. Visanduku vidogo vya Raspberry Pi, ambavyo watu huvipendea kwa kuwa vinaridhika na umeme mdogo wa sola, havikuwa na saa ya namna hiyo kabisa hadi toleo la 5. Kwa hiyo kabla hamjatafuta historia ya mashine, tazameni tarehe yake. Betri ile ni ya bei ndogo, na bila yake mnasoma historia iliyochanganyikiwa.

Sasa turudi kwenye gunia. Tuseme umesoma, umejua: tarehe fulani printa ilikuwa inafanya kazi kwa toleo la zamani, tarehe iliyofuata likaja jipya, ikagoma. Unataka lile la zamani. Liko wapi?

Seva za Debian zinazotoa sasisho za kila siku hazitunzi matoleo yaliyopitwa. Likija jipya, la zamani linaondoka rafuni. Kuna ghala la kumbukumbu, snapshot.debian.org, linalohifadhi vifurushi vya Debian tangu 2005, kila kimoja kwa tarehe yake. Ni kazi ya subira inayostahili heshima. Ila ghala hilo liko kwenye intaneti, na sisi intaneti tunainunua kwa mega. Ndiyo sababu nakala iliyo karibu ina thamani kwetu kuliko kwa mtu wa Brussels. Zamani kila kifurushi kilichopakuliwa kilibaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Tangu 2016 amri mpya ya apt hufuta kifurushi mara tu kinapomaliza kuwekwa, ili kuokoa nafasi ya diski. Waliofikiri hivyo walifikiri vizuri kwa nchi yao: diski inajaa, intaneti haiishi, kwa nini utunze? Kwetu hesabu imegeuka. Tumelipia kifurushi kwa mega, kimeshuka usiku kucha, kisha mashine inakitupa. Kuna mpangilio unaozuia jambo hilo, unaitwa Keep-Downloaded-Packages; ukiuwasha, kila kilicholipiwa kinabaki. Kama mtatoka hapa na kitu kimoja tu, ningependa kiwe hicho.

Ukishakuwa na kifurushi cha zamani mkononi, usidhani mashine itakipokea kwa shangwe. Debian husema wazi kwamba kushusha toleo si jambo wanalolidhamini. Kifurushi kinapopanda huendesha maagizo madogo yanayobadilisha mipangilio ya kale kuwa ya kisasa. Maagizo ya toleo la zamani yaliandikwa kabla ya hayo ya kisasa kuzaliwa, hayajui kuyatengua. Vifurushi vidogo vinashuka bila shida. Vikubwa, vyenye data ndani, vinaweza kuacha mashine katika hali ambayo haijawahi kuwapo, si ya jana wala ya leo.

Hata wakubwa wa ufundi huu wanalazimika kupita mlango wa nyuma. Mwishoni mwa Machi 2024, mhandisi wa Microsoft, Andres Freund, aligundua kwamba kuingia kwenye mashine yake ya Debian kwa njia ya mbali kulichelewa kwa nusu sekunde hivi. Wengi wetu tungeulaumu mtandao. Yeye alifuatilia hadi akakuta kwamba kifurushi cha kubana mafaili, XZ, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, kilikuwa kimefichiwa mlango wa wizi na mtu aliyejenga uaminifu katika mradi huo kwa muda mrefu. Tangazo lilitoka tarehe 29. Sasa Debian iwarudishe vipi watu waliokwisha kupokea 5.6.1? Karani wa vifurushi hupanda tu, akiona 5.4.5 ataipuuza, kwa kuwa ni ndogo kuliko aliyonayo. Wakatoa toleo lililoitwa 5.6.1+really5.4.5-1. Ukilisoma kama mashine, ni kubwa kuliko 5.6.1, kwa hiyo linapanda. Ukilifungua ndani, ni programu ya zamani, safi, kabla ya mwizi. Napenda sana namba hiyo. Inaonyesha bila aibu kwamba kwenye mifumo hii kurudi nyuma ni kupiga hatua mpya mbele huku umebeba kitu cha zamani, na kwamba hatua hiyo nayo inaandikwa katika shajara kama nyingine zote.

Watu wa Fedora na Red Hat, jamii nyingine ya mifumo ya namna hii, walijaribu kuunganisha kukumbuka na kurudi. Karani wao, zamani yum na leo dnf, huipa kila shughuli namba, na unaweza kumwambia atengue shughuli namba fulani. APT kwa miaka mingi haikuwa na amri ya namna hiyo. Amri hiyo ya dnf inapendeza, hadi siku karani anapojibu kwamba kifurushi cha zamani hakimo tena ghalani. Shajara nzuri, rafu tupu.

Aliyekata fundo alikuwa Eelco Dolstra, katika tasnifu yake ya mwaka 2006 huko Utrecht, Uholanzi. Mfumo wake, Nix, hauandiki juu ya cha zamani kamwe. Kila toleo linakaa katika folda yake, lenye alama inayotokana na vitu vyote vilivyolijenga, na hali nzima ya mashine ni kidole tu kinachoonyesha folda zipi zitumike leo. Kurudi nyuma ni kusogeza kidole. Ukiwasha mashine ya NixOS unapewa orodha ya hali zilizopita na unachagua. Ludovic Courtès na wenzake walianza Guix mwaka 2012 kwa msingi huohuo. Ni ujenzi mzuri kuliko mifumo yote niliyoitaja, na bado nisingeiweka kwenye kompyuta ya kituo cha afya cha Mbau. Badiliko dogo katika kifurushi cha chini linaweza kudai mamia ya vifurushi vilivyo juu yake vipakuliwe upya, na hali za zamani zinakula diski hadi mtu azifute. Mfumo huo unadhani bomba la intaneti ni nene. Fundi anayejua Nix ni hazina, aitumie kwenye mashine yake mwenyewe.

Walio wengi hapa wana Windows, najua. Microsoft ilileta alama za kurejea mwaka 2000, pamoja na Windows Me, na hadi leo zipo, ila katika Windows 10 mara nyingi ulinzi huo umezimwa hadi mtu auwashe mwenyewe. Ukipokea toleo kubwa jipya, unapewa siku 10 za kubadili mawazo. Zikipita, mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa. Kwa mwalimu anayewasha kompyuta pale tu jenereta inapopata mafuta, siku 10 zinaweza kupita kabla hajaifungua mara ya pili. Na tangu 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa njia ya kawaida. Washeni ule ulinzi wa alama za kurejea leo usiku. Hauhitaji mega hata moja.

Nimesema vifurushi vyenye data ndani ni hatari. Wauguzi, hapa ndipo kwenu. Taarifa za afya za nchi yetu, SNIS, hupita katika DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inayotumika pia Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Chini yake kuna hifadhidata ya PostgreSQL. DHIS2 inapopandishwa toleo, hubadilisha umbo la majedwali yenyewe. Ukirudisha programu ya zamani, itakuta majedwali mapya na haitayaelewa. Waundaji wake wanaonya kwamba hakuna kushuka, kuna kurejesha nakala ya hifadhidata iliyochukuliwa kabla. Haya, tumeirejesha. Je, ripoti ambazo wauguzi waliingiza kati ya siku ya nakala na siku ya kurejesha? Hazimo. Zimebaki kwenye rejista za karatasi, na mtu wa damu na nyama atakaa kuziandika upya, kituo kwa kituo. Katika vitabu vya ufundi gharama hiyo haionekani, kwa sababu aliyeandika kitabu si yeye atakayekesha. Kwa hiyo siku ya kupandisha toleo, uingizaji wa data usimame, na wote waambiwe. Wala rejista ya karatasi isidharauliwe na kijana yeyote mwenye shahada. Ndiyo historia pekee ambayo haina betri.

Kuna jambo tuliloliishi sisi wenyewe linaloonyesha kurudi nyuma vizuri kunafaa nini. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza Ebola, na kitovu kilikuwa Mangina. Ugonjwa ulifika Beni, Oicha, Butembo, Katwa, ukatangazwa kwisha 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Katika muda huo INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyokuwa chini ya Profesa Muyembe, ilisoma chembe za urithi za virusi kutoka kwa wagonjwa wengi na kuzipanga katika mti wa ukoo, na mti huo ulionyeshwa kwa Nextstrain, mfumo wa Trevor Bedford wa Seattle na Richard Neher wa Basel. Februari 2021 Ebola ikatokea tena upande wa Butembo. Oktoba mwaka huohuo, Beni. Agosti 2022, Beni tena. Kila mara swali la kwanza lilikuwa lilelile: ni virusi vipya kutoka porini, au ni vile vya zamani vilivyojificha katika mwili wa aliyepona? Mara zote tatu ukoo ulirudi kwenye mlipuko wa 2018 hadi 2020, na jibu hilo linabadilisha kazi yote ya kufuatilia watu.

Jibu hilo halipatikani bila kumbukumbu za zamani, lakini kumbukumbu peke yake hazitoshi. Programu za kuchora mti wa ukoo zina matoleo, na kila toleo lina njia zake za kukadiria. Mti wa 2019 ukichorwa upya kwa programu ya 2022 unaweza kusogea tawi hapa na pale, na mtu akadhani virusi vimebadilika kumbe ni kifurushi kilichobadilika. Ndiyo maana Nextstrain hutunza msimbo wake katika git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ambamo kila badiliko lina mwandishi na tarehe, na hufunga programu zake zote pamoja katika taswira moja yenye tarehe ya kujengwa. Anayetaka kujua kama tofauti ni ya ugonjwa au ya chombo huchukua taswira ya zamani, data ya zamani, na kuendesha upya. Kwenye kompyuta ya shule tunarudi nyuma ili printa ifanye kazi. Huku watu wanarudi nyuma ili wajue nani apewe chanjo.

Nimalizie na upande wa mikono. Kila mashine ya kazi, ya shule, ya kituo, ya parokia, iwe na daftari la karatasi: tarehe ya kweli, kilichowekwa, nani aliweka, na kwa nini. Hilo la mwisho hakuna shajara ya kompyuta inayoliandika. Mara moja kwa mwezi, shajara za mashine na vifurushi vilivyopakuliwa vinakiliwe kwenye diski ya nje kabla ule mwaka mmoja haujavimeza. Kifurushi ambacho kazi inakitegemea na ambacho hamtaki kiguswe, kizuieni. Amri ya apt-mark hold hufanya hivyo. Kizuizi hicho nacho kiandikwe daftarini, kwa sababu kifurushi kilichozuiwa kikasahaulika hakipati tena marekebisho ya usalama, na miaka miwili baadaye kinakuwa chenyewe ndicho tatizo.

Diski hiyo isikae Mbau peke yake. Tangu 2014, kwa sababu ya mashambulizi, watu wa huku wameondoka majumbani usiku bila kuchukua hata godoro, sembuse diski. Nakala ya pili iende Beni, kilomita 20 hivi kwa barabara, kwa mtu mnayemwamini. Na hapa nina ombi kwa vyuo vyetu, UCBC kule Beni na Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kule Butembo: mna wanafunzi, mna chumba chenye umeme kuliko sisi. Jengeni ghala la vifurushi vya zamani kwa ajili ya ukanda huu, si vyote vya dunia, vile tu tunavyotumia hapa. Fundi wa Mbau akikwama aje na fleshi, anakili toleo la mwaka juzi, arudi. Kazi hiyo inafaa kumpa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho badala ya tasnifu nyingine juu ya programu ya duka la dawa ambayo hakuna duka litakaloitumia.

Wenzetu waliotoka Oicha wanataka kuwa njiani kabla ya giza, kwa hiyo maswali yaanze upande wao. Mafundi, nyinyi mkae. Nimekuja na mashine moja iliyokatikiwa umeme katikati ya sasisho, tuifungue pamoja.